Mbwa Aliyeitwa kwa Neno Moja

Baba yangu aliwahi kununua punda mpakani mwa Kitui, kwa watu wasiosema Kikamba. Punda mzuri, miguu minene, ila tulidhani ni kiziwi. Ukimwambia simama anaenda, ukimwambia nenda anakutazama kama karani. Wiki nzima baba alimchapa, mpaka mama akasema, "Huyo si mkaidi, hajui tu unasema nini." Ikabidi baba arudi sokoni akajifunze maneno mawili matatu ya wale watu. Tulicheka sana, mzee mzima kuongea kigeni na punda. Mimi ndiye niliyekuwa nampeleka punda mtoni, kwa hivyo shule nikaiachia darasa la tatu. Sikumbuki kama nililia. Sidhani.

Ndiyo maana nilikuja Nairobi na mikono tu. Kibera, upande wa Ayany, nikawa fundi wa majiko. Nakata bati kwa mkasi, nakunja, nagonga. Mkono wa kulia ndio ulionilisha.

Mwanzoni mwa Desemba, mwaka wa ule uchaguzi wa 2007, nilipeleka majiko manne Kawangware kwa muuza makaa mmoja. Hatukuwa wageni. Nikasukuma geti la mabati, nikapiga hodi, na kabla hodi haijaisha mbwa alikuwa kwenye mkono wa kulia. Mwekundu, sikio moja limekatika. Alinishika chini ya kiwiko akatikisa kama mtu anakung'uta mkeka, akaachia, akashika kiganja. Muuza makaa akatoka akitafuna. Akasema neno moja tu, la lugha ya kwao. Mbwa akaniachia papo hapo, akaenda kulala chini ya meza ya huyo bwana.

Nilipopata pumzi nikamwambia, "Mbwa wako ameniua."

"Wangu? Pole, mzee. Huyu ni wa mtaa. Hana mwenyewe."

Wa mtaa, na amelala chini ya meza yako!

Tangu hapo sikumwamini mtu. Polisi waliandika, wakanipa fomu ya P3, ile ya kuthibitisha majeraha, daktari akaijaza, lakini kila mmoja aliuliza lile lile: mbwa ni wa nani? Sikutaka makuu. Nilitaka yule mtu asimame mbele ya hakimu aseme mbwa ni wangu, kisha aulipe huu mkono, maana vidole viwili vilikataa kukunjika, na mkasi wa bati haushikwi na vidole vitatu.

Sindano zilikuwa tano, kila moja na siku yake. Ya tano iliangukia zile siku matokeo yalipotangazwa, na barabara ilikuwa inawaka matairi. Sikuenda. Nikakaa ndani nikiwaza kichaa cha mbwa. Wanasema mwenye ugonjwa huo huogopa maji. Basi mama watoto kila asubuhi ananiletea kikombe cha maji, anasimama mlangoni. Nakunywa, anatazama koo.

"Umeona?" namuuliza.

"Kwani nilikuwa natafuta nini?"

Hata mimi nikaanza kujivizia. Nikikohoa, nasema ndiyo hiyo. Nje nako watu walikuwa wanasimamishwa na kuambiwa wasalimie kwa lugha ya kwao, kabila lijulikane, na sisi wa Kitui tuliulizwa na pande zote. Bandeji yangu nayo ikawa kesi. Nani alikukata? Mbwa, nasema. Wanacheka. "Mbwa gani, mzee? Wa chama gani?"

Mwezi wa pili, kukiwa kumetulia kidogo, mtu mwenye tai akanikuta kibandani kwangu. "Niaje, mzee. Nasikia uliumwa. Tuko na wakili." Alisikia wapi? Sijui. Nashuku kuna mtu aliyekuwa anauza majina yetu wagonjwa. Lakini nikaenda. Ofisi ilikuwa Kawangware, ghorofani, juu ya bucha.

"Mzee wangu," wakili akasema, "tutajuaje mbwa ni wake?"

"Alimwita, akaenda."

"Alimwita aje?"

"Kwa neno. La kwao."

Kalamu ikasimama. "Lugha gani?"

Hilo sikuwa nimeliwaza. Ushahidi wangu wote ulikuwa neno moja, na neno lenyewe lilikuwa na kabila. Nikamtajia. Ninyi sitawatajia.

Uso wake ukang'aa. "Sasa hiyo ni kesi! Mbwa kuuma tu ni kitu kidogo, buda. Lakini mbwa aliyetumwa..." Akapiga meza. Akaandika bila kuniuliza tena, karani wake akapiga chapa, akanisogezea.

Watu hudhani mtu wa darasa la tatu hasomi. Nasoma, polepole, kwa kidole, ila siku hiyo kidole kilikuwa cha kushoto. Nikasoma kwamba niliumwa Januari, katikati ya vurugu. Nikasoma kwamba yule mtu aliniuliza kabila, kisha akanitumia mbwa.

"Hapa si kweli," nikasema. "Ilikuwa Desemba. Na lile neno lilikuwa la kumrudisha mbwa."

"Kumrudisha, kumtuma, nani anajua?"

"Mimi najua."

"Mzee, unataka mkono ulipwe ama hutaki?"

Nilitaka. Hata leo nataka. Lakini karatasi kama hiyo ikishuka ngazi mwezi ule, kibanda cha makaa kisingefika asubuhi bila kuchomwa, na jina chini yake lingekuwa langu. Tena nikajiuliza, huyu mwenye tai alitumwa na nani? Pengine kuna mtu aliyekitaka kile kiwanja cha muuza makaa.

Wakili akaingia chumba cha pili kutafuta wino wa dole gumba. Nikaikunja P3 yangu, nikaitia mfukoni, nikainuka.

"Mzee, wapi? Bado dole!" karani akaita.

"Choo."

"Choo ni huku nyuma!"

Nikashuka ngazi, nikapita bucha, nikashika njia ya Dagoretti Corner kwa miguu, kurudi Kibera. Ofisi ile sijaikanyaga tena.