Shingo ya Mbwa wa Mama

Nimepima shingo nyingi kuliko fundi yeyote hapa Voi, na anayebisha aje na tepu yake. Diploma yangu ya ushonaji niliisomea kwa pesa zangu mwenyewe, mchana darasani Mombasa, usiku nikilinda duka la watu. Kisha nikaenda Ghuba kushona sare za hoteli. Nilipima mameneja, wapishi na wabeba mizigo, na bwana mmoja mwenye shingo kama gogo ambaye kabla yangu hakuwahi kuvaa shati likafungwa kifungo cha juu. Nilirudi na mashine zangu, nikajenga nyumba ya vigae kando ya barabara ya Taveta, na leo ukiona sare ya shule iliyokaa vizuri begani, kuanzia hapa mpaka milimani, uwezekano mkubwa ni mkono wangu. Diploma iko sebuleni ndani ya fremu. Mgeni huiona kabla hajaona televisheni.

Lakini shingo iliyonisumbua kuliko zote ilikuwa ya mbwa.

Mbwa huyo ni wa mama. Mama aliishi Bura, juu, kwenye shamba la mboga alilotulelea, mpaka goti lake likakataa miteremko. Daktari akamwambia atafute mahali tambarare na awe anatembea kila asubuhi, polepole. Mahali tambarare ni kwangu. Chumba chake nilikitenga tangu nyumba ikiwa msingi tu, na dirisha nikaliweka upande wa milima. Nilimfuata kwa gari langu mwenyewe, nikiwa nimevaa suti. Akateremka na begi moja na mbwa.

Vitu vya begini hakuvipanga. Aliliweka nyuma ya mlango, akawa anatoa leso moja na kurudisha nyingine. Mke wangu alimtundikia hanga kabatini, zikabaki tupu.

"Naangalia kwanza kama nitazoea," mama alisema. "Na huyu kama atazoea."

Huyu alikuwa mbwa. Hajawahi kumpa jina. Humwita "wewe" na mbwa huitika.

Nyumbani sote tulielewa maana yake. Mbwa akipotea au akigongwa, mama angepanda gari la Bura siku hiyo hiyo, arudi kwenye miteremko yake na lile goti. Na ile kazi yote ya kujenga chumba, niwe namwonyesha nani dirisha?

Kule Bura mbwa hakuwahi kuvaa kitu shingoni. Alimfuata mama shambani na kanisani, akalala mlangoni mpaka ibada iishe. Voi ni kwingine. Malori yanapita karibu na lango letu mchana kutwa, na bodaboda hupita upande wowote unaowafaa. Mama hakutaka kutembea bila mbwa wake, na mbwa hangeweza kutembea hapa bila kushikwa. Kwa hiyo nikaenda mjini kwenye duka la dawa za mifugo, ambako pia huuza mikanda ya mbwa.

Mteja aliyenitangulia aliulizwa mbwa wake ana ukubwa gani, akaonyesha goti. Akapewa mkanda wa goti, nadhani. Mimi nilipoulizwa nilisema, "Shingo yake ni inchi kumi na tano."

Dada muuzaji akaniangalia. "Umempima na nini?"

"Na tepu."

"Mbwa?"

"Mbwa."

Akamwita mwenzake aliyekuwa ndani. "Njoo uone. Mzee amempimia mbwa suti."

"Muulize kama atataka na tai," sauti ikajibu.

Nikawaacha wacheke. Mtu aliyepima mameneja wa hoteli hababaishwi na kaunta. Kulikuwa na mkanda mpana wa ngozi wa mbwa wa walinzi, pamoja na mnyororo unaotosha kufunga fahali. Kulikuwa na mwembamba wenye kengele, wa mtoto wa mbwa. Wa katikati ulikuwa mwekundu, wa nailoni, wenye bizimu na matundu. Nikachukua huo pamoja na kamba yake ndefu. Nyumbani nikaufunga, nikapitisha vidole viwili kati ya mkanda na shingo, nafasi ile ile ninayoacha kwenye kola ya shati. Ulimkaa kama umeshonewa yeye. Nikampiga picha.

Kesho yake asubuhi mama akamtoa, nami nikawasindikiza. Hapo barabarani lori likasimama na kupumua breki zake kwa kishindo. Mbwa akarudi kinyumenyume, akainamisha kichwa, akalaza masikio, na mkanda ukamvuka kichwani. Ukabaki unaning'inia mbele ya mama, bizimu limefungwa vizuri kabisa. Mbwa alikuwa ameshapita vibanda vya mboga na kutoweka.

Tulimtafuta mpaka jua likawa kali. Mama alirudi nyumbani, akaanua leso zake kwenye kamba ya nguo kabla hazijakauka, akaziingiza begini.

Aliyempata ni jirani yetu, Mkamba muuza saruji, aliyekuwa akitoka Mwatate kupeleka mzigo. Alimkuta amepita Mraru, anakimbia polepole kando ya barabara, uso kuelekea Bura, kama abiria aliyeshakata tiketi. Akampakia nyuma ya pikapu.

"Fundi," akaniambia akimshusha, "huyu mteja wako amerudisha shati. Anasema halimtoshi."

"Shingo ilitosha," nikasema.

"Basi ni mbwa ndiye hakutosha."

Mama alikuwa amekwisha kumshika mbwa kwa mikono yote miwili. "Kesho nitapanda gari la asubuhi," akaniambia, bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Mama, nipe kesho moja tu. Akinitoka tena, nitawarudisha mwenyewe."

Akafikiri. "Moja," akasema.

Nikamkalisha mbwa karakanani kwangu na kumpima upya, safari hii kila mahali, kama mteja anayetaka koti. Na hapo diploma ikafanya kazi yake. Nilipozungusha tepu kichwani, nyuma ya masikio, ikasoma inchi pungufu kuliko za shingo. Mbwa wetu hawa wa milimani wana uso mwembamba na shingo nene. Kola ya shati haina habari na kichwa, kwa sababu shati hufunguliwa mbele. Fulana ndiyo hupimwa kichwa, maana lazima ipite. Nami hapa nilikuwa nashona fulana ambayo haitakiwi kupita. Sidhani kuna fundi mwingine mjini humu angeliona hilo haraka hivyo.

Nikaenda kwa mafundi wa magari karibu na stesheni ya zamani, nikanunua mkanda wa kiti uliotolewa kwenye gari bovu. Ni kitambaa kigumu lakini laini mkononi, na kimetengenezwa kushika mtu gari likigonga. Nikaupunguza upana, nikatia pete mbili kwenye ncha, na kitanzi kidogo kinachopita ndani ya pete hizo, ambacho ndicho kitashikwa na kamba. Mbwa akitulia, mkanda unalegea. Akivuta, kitanzi kinaukaza mpaka uwe mdogo kuliko kichwa, kisha unasimama hapo, haumkabi. Nikarudia mishono mara mbili.

Ikabaki kamba. Ile ya dukani ilikuwa imemzunguka mama miguuni tangu hatua za kwanza.

"Mama, simama wima. Teremsha mkono."

"Unanipima mimi? Kwani mimi ndiye mbwa?"

"Nguo hii ni ya watu wawili. Mkanda ni wake, kamba ni yako."

Mke wangu akacheka mpaka akaweka sufuria chini. Mama akasimama wima kama mtoto wa shule, fimbo mkono wa kulia, mkono wa kushoto umeteremka. Nikapima kutoka kiganjani mwake mpaka shingoni mwa mbwa, nikaongeza kidogo ili mbwa aweze kunusa chini bila kumvuta. Kishikio nikakipima kwa vidole vyake, ambavyo havikunjiki vizuri siku hizi, nikakitia sponji ndani. Hakuna duka linalouza kamba ya namna hiyo.

Asubuhi tukarudi mahali pale pale. Lori halikukawia, na breki zikapumua. Mbwa akarudi nyuma, akainamisha kichwa, akalaza masikio. Kitanzi kikakaza. Akavuta tena, akaona haendi popote, akamtazama mama.

"Wewe," mama akamwambia. "Twende."

Mkanda ukalegea wenyewe, wakavuka. Nilibaki upande wa pili nikiwaangalia, na nakiri nilitamani yule bwana mwenye shingo ya gogo angekuwepo aone.

Jirani alikuja jioni kutaka mkanda kama huo wa mbwa wake. Nikamwambia amlete, na yeye mwenyewe aje, maana hata mkono wake nitaupima.

Wiki iliyofuata jirani alipokuwa anapeleka saruji Bura, mama alimwomba msaada. Nilidhani anaomba nafasi. Kumbe alimkabidhi begi, tupu, likarudi limejaa vyungu vyake na picha ya baba. Kabati la chumbani sasa halina hanga iliyo wazi, na kamba ya mbwa inaning'inia kwenye msumari chini ya diploma yangu. Mahali hapo alipachagua mama mwenyewe.