Njia ya Wiki Tisa

Kwa miaka ishirini na miwili Mama Pasi alikuwa amesimama mahali pamoja. Mahali penyewe ni nyuma ya mashine kubwa ya kupigia pasi, katika chumba cha kufulia cha hospitali, ambako mashuka huingia yakiwa majimaji na kutokea upande wa pili yamenyooka kama karatasi. Yeye na mwenzake hushika ncha, wakakunja mara mbili, mara nne, wakaweka. Joto la chumba kile lilimtoa jasho hata asubuhi za baridi. Jina la Mama Pasi alipewa na wauguzi, na alilizoea hivi kwamba mtu akimwita kwa jina lake la kweli alichelewa kugeuka.

Njia aliikuta kwa bahati. Alikuwa akirudi kutoka mazishi ya shangazi yake, basi likapasuka tairi. Abiria wenzake walipokuwa wakimlaumu dereva, yeye alinyoosha miguu hadi kwenye ubao uliosimama kando ya barabara. Ubaoni palichorwa ramani: njia ya watembea kwa miguu, kilomita mia saba na ishirini, yenye alama nyeupe juu ya mawe na miti tangu mwanzo hadi mwisho. Mtu wa kawaida, ubao ulisema, huimaliza kwa wiki tisa. Mama Pasi akaingia ndani kidogo, akafuata alama kumi na moja, kisha akarudi mbio dereva alipopiga honi. Tangu siku ile akawa mtu mwenye jambo lake.

"Wiki tisa?" Mkuu wa dobi alicheka mpaka miwani ikamteleza. "Unataka wagonjwa walale juu ya magodoro matupu? Wiki moja yenyewe nakupa roho ikiniuma."

"Basi nipe hiyo moja. Kila mwaka moja."

"Miaka tisa! Mama Pasi, utamaliza ukiwa bibi."

"Bibi nitakuwa hata nikikaa nyumbani, bosi."

Ila kuchagua kipande cha kwanza ndiko kulikomponza, maana alichagua kwa macho. Katika kijitabu cha njia palikuwa na picha ya mahali waendao huita Kigongo: mgongo mwembamba wa mlima, majani yakiteremka huku na huku, na mbingu karibu kabisa. Akataka hapo hapo. Alinunua viatu vipya, akajaza shanta mpaka zipu ikagoma: sufuria mbili, mchele kilo tatu, hata mashuka manne, kama kwamba mlimani kuna wodi. Siku ya tatu visigino vilikuwa malengelenge matupu, maji yalikuwa yameisha tangu saa tano, na Kigongo chenyewe kilikuwa kimejigubika ukungu. Akakaa juu ya jiwe. Hakulia, alikasirika. Kisha akageuka, akashuka akichechemea, akarudi mjini juu ya lori la mbao.

Mumewe alikuwa fundi viatu. Mmoja kutwa kusimama, mwingine kutwa kukaa. Majirani walisema wale wawili waligawana kiwiliwili kimoja. Fundi hakumwambia "si nilikuambia." Alivichukua vile viatu, akaingiza mkono mpaka ncha, akapapasa mshono, akatikisa kichwa.

"Hivi vimetengenezwa vikae kwenye kioo cha duka," alisema. "Na wewe njia umeichagua vivyo hivyo, mke wangu."

Maneno yakamchoma, kwa kuwa yalikuwa ya kweli. Siku ya pili yake alitandaza ramani juu ya meza ya kazi ya mumewe, kati ya gundi na misumari, wakaikata kwa penseli vipande tisa. Ilikuwa kazi ya Jumapili tatu. Kila kipande kilipaswa kuanzia mahali basi linapofika na kuishia mahali basi linapopita. Kila siku iwe na maji. Katikati pawe na njia ya kutokea, mguu ukikataa. Na Mama Pasi akaongeza sharti lake: katika kila wiki, siku moja isiyo na kilomita hata moja.

"Siku ya kupoteza?" mumewe akauliza.

"Ya mvua. Ya goti. Ya lolote litakalokuja."

Hakufuata mpangilio wa ramani. Mwaka wa pili alianza na kipande cha mtoni, tambarare kama meza, akakimaliza bila lengelenge hata moja. Uliofuata ukawa wa mashamba. Kisha wa nchi kame, alioupangia mwezi wa baridi. Kisha wa msitu, ambako nyani walimwibia mkate wote na akala karanga siku mbili. Wenzake kazini walimtania kwamba anasoma kitabu kwa kufungua ukurasa wowote. Aliwajibu kwamba bandu bandu huisha gogo, na gogo halijali umeanzia wapi. Hospitalini aliacha kupanda lifti. Alibeba vikapu vya mashuka kwa ngazi, ghorofa sita, akijikaza kisabuni, na viatu vyake sasa vilitoka mikononi mwa mumewe, soli mbili na ulimi laini.

Mwaka wa sita alisema, "Safari hii Kigongo."

Fundi aliendelea kugonga msumari. "Una hakika?"

"Sina. Ndiyo maana nakwenda sasa, magoti yangali yananisikiliza."

Siku ya nne alifika kwenye kibanda cha mawe chini ya Kigongo. Humo alimkuta mwalimu mstaafu, mzee mkavu, mrefu, aliyekuwa akiitembea njia yote kwa mkupuo mmoja. Asubuhi walipoamka, ukungu ulikuwa umeziba mlango.

"Mimi nakwenda," mwalimu alisema akifunga kamba za viatu. "Nimepanga kumaliza kwa wiki nane."

"Mwalimu, huko juu ni kwembamba. Subiri kesho."

"Wewe mwenye wiki moja ndiye unaniambia nisubiri?"

"Mimi nina siku ya kusubiri. Nimekuja nayo."

Akaondoka. Mama Pasi akachemsha chai, akakausha soksi, akakunja nguo zake zote mara nne nne kwa mazoea. Mara mbili tatu alitoka mlangoni akaita. Saa tano hivi alisikia jibu, akaendelea kuita mpaka mwalimu akatokea ukunguni akiifuata sauti, ameloa chapachapa, kiganja kimechubuka. Alikuwa amepoteza alama mara tu baada ya kupanda, akatambaa chini kwa makalio.

Alimwekea chai. Mzee akainywa akitetemeka.

"Miaka thelathini na tano niliwaambia wanafunzi wasome swali kabla ya kujibu," alisema hatimaye, na wote wawili wakacheka.

Kesho yake mbingu zilifunguka. Mama Pasi alitangulia. Pale juu njia ilikuwa na upana wa meza ya kukunjia mashuka, na upepo ulimsukuma kwa bega. Hakutazama kushoto wala kulia. Alitazama alama nyeupe, akaifikia, akatafuta nyingine. Kwa muda wa saa moja na nusu hakuwaza lolote ila mahali pa kuweka mguu. Kigongo kilipopanuka ndipo aliposimama na kugeuka. Picha ya kijitabu ilikuwa imepunja. Haikuwa na ule ukimya. Machozi yalimtoka, akayaacha.

Jumapili mchana waliagana kwenye kituo cha basi. "Twende tu," mwalimu alimsihi. "Umekwisha pata moto."

"Kesho nina mashuka mia nne, Mwalimu. Wewe nenda, na utazame alama."

Mumewe alivikagua viatu kabla hajamkaribisha kukaa, akaridhika. Kisha ramani ikatandazwa. Vilibaki vipande vinne: cha mchanga, cha mabwawa, cha vilima, na kile kirefu cha mwisho. Fundi alipendekeza mabwawa, maana mchanga hula soli.

"Mchanga," alisema Mama Pasi, akaichukua penseli.