Akullo, anayewauliza madalali wa vesti za jeshi ukoo wao

Saa mbili asubuhi, ukungu wa Mbuya, Kampala, bado haujaamua kama uondoke au ulale hapo hapo kilimani. Akullo amekaa dirishani, simu sikioni, viatu amevivua na kuviacha chini ya meza. Anasikiliza muziki. Ni kinanda, kinapigwa taratibu katika nchi ya mbali kwa ajili ya watu wanaosubiri kupokewa.

"Huu wa leo mtamu," anasema, macho ameyafumba. "Wale wa juzi walinipigia tarumbeta mpaka kichwa kikauma."

Kazi yake ni kuhakiki madalali wa kigeni wa vifaa vya ulinzi. Kampala haikosi mgeni aliyeshuka na suti safi na vitabu vya picha zinazong'aa, anayesema ametumwa na kiwanda fulani kuuza kofia za chuma, redio, buti au vesti za kuzuia risasi. Lazima mtu aulize kama kiwanda hicho kinamjua. Katika kampuni ndogo ya uhakiki iliyopanga vyumba viwili chini ya kilima, mtu huyo ni Akullo.

Mshahara wake haufiki shilingi milioni moja za Uganda kwa mwezi, na hajawahi kupanda ndege. Lakini muulize kiwanda hiki au kile kikoje, atakueleza kama aliyezaliwa jirani. Wakati muziki ukipiga, yeye hutembea huko kwa mawazo. Huona theluji imelala juu ya ukuta, lori limesimama likitoa moshi, na mzee wa geti akipasha mikono kwenye jiko.

"Mimi simtafuti mkurugenzi," anasema. "Mkurugenzi anataka kuuza. Namtafuta askari wa geti, kwa sababu yeye anajua nani anaingia na nani alishafukuzwa."

Mtindo huo hakuutoa darasani. Akullo ni Mlango, mtu wa kabila la Lango kaskazini mwa Uganda, binti wa sajini mstaafu, mzee Odyek, aliyehamia Kampala na familia yake miaka michache baada ya vita vya 1986. Kwao, kijana akija kuposa, kabla hajapewa hata maji ya kunawa, wazee huuliza: huyu ni wa ukoo gani, mjomba wake nani, akikosea atamwonea nani haya? Nyumba njema si mlango.

"Dalali naye ni mposaji," anasema Akullo, na kucheka kidogo. "Asiye na mtu wa kumwonea haya, wewe utampaje binti?"

Kwa mtindo huo amewarudisha wageni wengi uwanja wa ndege wa Entebbe na vitabu vyao vya picha, na wengine amewapitisha. Hakuna aliyewahi kumnyima usingizi. Isipokuwa huyu anayemuulizia kwa simu leo.

Anaitwa Radek. Ni mtu mrefu wa Ulaya ya Mashariki, mwenye nywele za mvi na Kiswahili cha kambini alichookota kwa miaka ya kukaa na wanajeshi. Mzee Odyek alipofariki mwaka jana, madalali wengine walituma maua. Radek alipanda basi hadi kijijini, nje ya Lira, akavua koti, akaomba koleo. Alichimba kaburi pamoja na vijana wa ukoo mpaka viganja vikatoka malengelenge. Jeneza liliposhuka, alilia waziwazi, bila kuficha uso.

Kwa Walango, mtu aliyechimba kaburi la baba yako huwezi tena kumuuliza yeye ni nani. Ameshajibu. Ndiyo maana faili la Radek lilipofika mezani, Akullo alilifunika kwa gazeti na kwenda kunywa chai. Kesho yake akafanya vivyo hivyo.

Radek analeta vesti. Kikosi kinachozisubiri kinakwenda kulinda amani nje ya nchi, na ndani yake yumo Koplo Ocen, mdogo wake Akullo, kitinda mimba wa mzee Odyek.

Ocen mwenyewe alikuja nyumbani kwa dada yake na kumsihi. "Dada, huyu mtu ni wetu. Alichimba kaburi ya mzee! Sasa wewe nauliza yeye nini tena? Weka sahihi, sisi tuende."

 Akullo anasema alimtazama tu kifuani, pale vesti itakapokaa, akaona tena kile kifua cha mtoto alichokuwa akikipaka mafuta akiwa na kikohozi. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, kweli. Lakini alishindwa kuinua kalamu.

Ndipo asubuhi hii akachukua simu.

Kinanda kinakatika. Sauti ya mzee wa geti inaita upande wa pili, nyuma yake chuma kinagongana. Akullo anafumbua macho, anakaa wima, anavaa viatu, kana kwamba mzee yule anamwona. Kwa Kiingereza kilichovunjika pande zote mbili, anasalimia kwanza, anauliza hali ya hewa, anauliza kama baridi haimuumizi magoti. Kisha anataja jina la Radek.

Mzee anapiga kelele ya furaha. Radek! Anamjua sana. Alifanya kazi hapo tangu ujana, na mama yake anaishi nyuma ya kiwanda, kikongwe, amelazwa kitandani. Kila Krismasi Radek humletea mlinzi huyo kahawa ya Uganda. Mtu mwema.

Uso wa Akullo unafunguka. Ukoo upo! Anataka kushukuru na kukata simu. Anakiri baadaye kwamba kidole kilikuwa tayari kwenye kitufe, na kwamba angekata angekuwa mwanamke mwenye furaha kuliko wote Kampala.

Anauliza swali moja zaidi. Na vesti, bado mnazitengeneza?

Mzee anacheka. Vesti? Miaka mingi sasa hapana. Mitambo iliuzwa, na mzigo uliobaki ghalani ulikwisha muda wake, ukatolewa kama takataka. Siku hizi wanatengeneza masufuria. Masufuria mazuri sana, anasema, kama dada anahitaji.

Akullo anaweka simu chini. Nje, ukungu umeondoka na paa za mabati zinang'aa hadi mtaa wa Kinawataka.

"Ukoo upo," anasema hatimaye. "Ng'ombe wa mahari ndio hawapo."

Mchana Radek anakuja ofisini, ameitwa. Akullo anamwekea kiti na chai ya maziwa, anamweleza alichosikia, bila kupandisha sauti. Radek hakani. Anasema alizinunua ghalani kwa nia njema, alifikiri bado ni nzima, lebo ndizo tu zimezeeka. Anasema ana mama mgonjwa. Kisha anasema lile ambalo Akullo alikuwa akilingoja kwa hofu.

"Akullo. Mimi nachimba kaburi ya baba yako."

"Ulichimba, Radek. Sitasahau mpaka nife." Machozi yanamtiririka, naye hayafuti. "Na siku ya mama yako ikifika, nitakuja kumlilia. Nitalala chini kwenye majani kama wafiwa wa kwetu, kama binti yake wa tumbo. Deni hilo ni langu. Lakini kwa Ocen siwezi kukulipa."

Radek anainamia kikombe chake. Anakunywa chai yote, anasimama, anampa mkono kwa mikono miwili kama alivyojifunza huko Lango, na kuondoka. Jioni ile ile faili linarudishwa likiwa limekataliwa.

Ocen hajampigia dada yake simu tangu siku hiyo. Kikosi kimeahirishiwa safari, vijana wanalalamika kambini, na mhusika wanamjua. Dalali mwingine ameshawasili, na Akullo ameanza upya kusikiliza muziki wa nchi nyingine.

"Acha anune," anasema juu ya mdogo wake. "Kununa ni kazi ya mtu aliye hai."

Wakiulizwa wana mpango gani wa maisha, wengi wangetaja kiwanja au duka. Akullo anafungua mkoba na kutoa pasipoti mpya, bado inanuka gundi. Imechukua akiba yake yote, na viza hana, wala hajui nani atampa. Kila usiku kabla ya usingizi anafanya mazoezi: anashuka kwenye ndege katika baridi, anauliza njia ya kiwanda cha masufuria, anamsalimia mzee wa geti, anazunguka nyuma hadi nyumba ya kikongwe.

Jambo moja tu linamsumbua, na anauliza kwa dhati, labda mwandishi wa makala hii anajua. Huko kwao ardhi ikiganda, watu hulalaje chini kumlilia mama?