Samaki Katikati ya Sinia

Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, alikuwa hajala hata tonge moja la chakula changu tangu nilipoolewa. Kila alipokuja, alishuka kwenye treni ya Paris na chakula chake kwenye bakuli, akakipasha moto kwenye jiko langu hapa Evere, Ubelgiji, kisha akaniuliza habari za watoto huku akitafuna. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu alikuja mwenyeji augue.

Kwake yeye Msenegali, Mkongo kama mimi anajua kutwanga sombe, yaani kisamvu, na basi. Nikaapa safari hii atakula kwangu, tena chakula cha kwao: wali mwekundu wa samaki. Si kwa upendo. Nilimwona mtu wa majivuno matupu.

Maman mmoja wa kanisani, mtu wa Bukavu kama mimi, alinicheka kwenye simu. "Donc muntu anakuya na chakula yake, na weye unamupikia tena? Bon, kazi kwako."

Sikuhangaika na vitu vinavyokuja kwa ndege na kuuzwa bei ya dhahabu. Nilinunua samaki mweupe wa bahari ya huku, karoti, kabichi, na mzizi wa seleri badala ya muhogo. Badala ya samaki wao mkavu anayenuka, nikatia samaki wa moshi aitwaye heringi, naye ananuka vya kutosha. Mchele tu ndio mgeni, maana Wabelgiji hawalimi mpunga. Nikatafuta chenga za mchele, nikazimimina kwenye mchuzi wa nyanya, zikaunywa wote mpaka ukoko ukashika chini.

Wifi alipofika, akafunua sufuria bila kukaribishwa.

"Muhogo uko wapi?"

"Nimeweka seleri."

"Alors, huu ni wali wa Wabelgiji."

"Na wewe uko Ubelgiji, wifi."

Kwao watu hula kwenye sinia moja, kila mtu upande wake, samaki katikati. Mama mwenye nyumba ndiye anayemmega samaki na kumsogezea kila mtu kipande. Tuliponawa, hata sijakaa vizuri, mkono wa wifi ulikuwa tayari juu ya samaki wangu. Anamega! Kwenye nyumba yangu! Mume wangu akainama, akajifanya anatafuta kijiko. Mwanaume mzima.

"Toa mkono, wifi," nikasema. "Mwenye nyumba ni mimi."

Akautoa, polepole. Nikammega samaki, nikachagua mnofu mnene wa tumboni, nikausukuma mbele yake. Aliutazama kwa muda mrefu, na hakuna aliyethubutu kugusa wali.

Kisha akala. Akala tena, akafuata ukoko kwa vidole. Hakusema ni kitamu, wala hakusema asante. Niliendelea kumdharau, sikumpunguzia hata chembe. Lakini kila alipomeza moyo wangu uliruka kwa furaha, nikajidharau na mimi.