Sauti ya Mjomba

Mjomba wangu wa Ayivu alipomaliza dawa za kifua kikuu, hospitali ya Arua ilimwambia amepona. Makohozi yalipimwa yakaonekana safi. Mimi nilitoka Koboko kuja kumrudisha nyumbani, nikidhani kazi imekwisha.

Mama mmoja wa pale hospitali, anayefundisha wagonjwa mazoezi ya kifua, alitupa chupa ya maji yenye mrija. Akaeleza kwamba mapafu yaliyougua yakikaa bila kazi husinyaa, kwa hiyo mgonjwa apulize mapovu asubuhi na jioni, polepole, pumzi ndefu. Mjomba aliitazama ile chupa kama ametukanwa.

"Mi nilipuliza agwara kwa matanga ya wakubwa," alinung'unika njiani. "Leo mi iko mutoto ya kupuliza soda?"

Agwara ni tarumbeta ndefu ya mti na kibuyu, na kila moja ina sauti moja tu. Hata uwe fundi namna gani, peke yako huna wimbo. Wapigaji huzunguka uwanja kwa mstari, kila mmoja akitia sauti yake mahali pake, na wimbo unajiunga wenyewe. Katika kundi la mjomba, sauti ya mtu haipewi mwingine maadamu mwenyewe yu hai.

Basi tulipofika nyumbani mjomba akawa wa kitandani tu. Chupa ikashika vumbi dirishani, naye kwenda chooni tu akawa anapumzika njiani, ameshika ukuta. Nilimbembeleza, nikachoka, nikasema kwa sauti ya kusikika nyumba nzima kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Aligeukia ukutani. Nilikwenda jikoni nikalia, kwa sababu niliona wazi kwamba mtu aliyepona atanifia kwa kulala.

Kesho yake nilimwendea mkubwa wa kundi, nikamwomba waje kumsalimia. Walikuja jioni, wametoka kung'oa mihogo, tarumbeta mabegani. Nilifungua mlango wa chumba cha mgonjwa nikasema, "Haya, mgeni njoo, mwenyeji apone."

Wakaanza kuzunguka uwanja. Wimbo ulikwenda vizuri, ukafika mahali pa sauti ya mjomba, ukaanguka shimoni. Ukainuka, ukazunguka, ukaanguka tena palepale. Mimi si mwanamuziki, lakini mguu wangu uliokuwa unafuata mdundo ulikosa pa kukanyaga. Wao hawakuonyesha kujali, waliendelea tu kuzunguka na shimo lao.

Kitanda kikalia. "Muko naharibu wimbo!" mjomba alifoka kutoka ndani. Kundi lao limechanganya watu wa Kongo na wa Sudan Kusini, ndiyo maana hugombana kwa Kiswahili.

Mkubwa alitoa tarumbeta mdomoni bila kusimama. "Sasa tutafanya nini? Sauti iko na wewe."

Mjomba akatokea mlangoni, ameshika fremu kwa mikono miwili. Wimbo ulipofika mahali pake aliipiga ile sauti kwa mdomo mtupu, kisha kikohozi kikamkunja. Walimsubiri. Alipoinuka, wakaanza upya, naye akajaribu tena. Usiku huo niliosha ile chupa, nikasikia mapovu chumbani kwake.

Niliporudi hospitali na kusimulia, mama wa mazoezi alicheka mpaka akashika meza. Alisema mjomba aanze na chupa na amalizie na agwara, ila akisikia kizunguzungu aketi. Nampenda mama yule hadi leo. Wengine wangetukataza.

Mavuno yalipofika kulikuwa na ngoma kule Dadamu, na mjomba akaingia kwenye mstari na agwara yake. Niliwafuata pembeni na kiti cha plastiki, tayari kumkalisha. Zamu yake ilifika. Sauti ilitoka, nzito na safi, lakini ilichelewa. Pafu lilikuwa bado linatafuta hewa. Nilifumba macho nikisubiri wimbo uvunjike.

Haukuvunjika. Mkubwa wa kundi alipunguza hatua, aliye nyuma yake akapunguza, na mstari mzima ukafuata. Vijana waliokuwa wanacheza walilalamika, "Mbona ngoma iko naenda polepole?" Wapigaji waliendelea na mwendo uleule. Wimbo ule ambao tangu utotoni niliusikia ukienda mbio, sasa wanaupiga kwa mwendo wa pumzi za mjomba wangu.