Tovuti Yangu na Baba

Mpaka leo nikikumbuka jambo hili huwa nainamisha kichwa.

Nilipokuwa nasomea uzamili, nilitengeneza tovuti yangu kwenye saiba moja ya intaneti mtaani Ngara. Nikaweka picha yangu nimevaa tai, na ukurasa wa Kiingereza kuhusu mtazamo wangu wa maisha. Nilitaka maprofesa wa ng'ambo wanione shujaa, basi nikaandika kwamba nilijisomesha peke yangu, na kwamba baba hakuona maana ya elimu.

Baba ni seremala mtaani Kabiria. Kila shule zilipofunguliwa alifunga karakana akanibebea sanduku hadi stendi. Lakini hajui Kiingereza wala kompyuta, kwa hivyo sikuwa na wasiwasi.

Jumapili moja nilimkuta sebuleni na mzee wa kanisa, mwalimu mstaafu. Dadangu Wambui alikuwa amechapisha ule ukurasa kazini kwake.

"Tusomee kwa Kiswahili," baba akaniambia, akinipa karatasi.

Nikaanza kubuni. Nikasema imeandikwa kwamba bila baba nisingefika chuo kikuu. Baba akatabasamu, nami nikazidi kuongeza.

"Umesikia, Wambui?" akasema nilipomaliza. "Jana ulinisomea mengine kabisa. Na nilikugombeza."

Wambui alininyang'anya karatasi, akampa mwalimu. Mzee akavaa miwani, akasoma hadi mwisho, kisha akanitazama.

"Kijana," akasema polepole, "mwambie babako mwenyewe."