Sweta ya Kiplimo Niliyoifumua

Chepkemei alifika Kitale mwaka wa 2007 na kuku mmoja, sufuria moja na sweta ya mwanawe. Kuku tulikula. Sufuria iliibiwa pale mtaani Kipsongo. Sweta niliiharibu mimi, Nanyama, na sitaki mtu mwingine anisimulie.

Yeye alikuwa Msabaot wa mlimani, juu ya Cheptais, mimi Mbukusu wa chini yake. Wakati huo watu wetu hata kusalimiana hawakutaka. Lakini bunduki ilitufukuza sote, tukajikuta kwenye benchi moja nyuma ya kanisa, wanawake kumi na wawili, tunafumua sweta kuukuu za mitumba. Uzi tunauosha, tunauanika na jiwe limening'inia ili unyooke, kisha tunawafumia watoto sweta za shule. Sindano zetu zilikuwa spoku za baiskeli.

Chepkemei alifuma kutushinda sote, na hakuongea. Tulijua tu kwamba watu wenye bunduki walimchukua mwanawe Kiplimo akikama ng'ombe, sweta yake akiwa ameitundika kwenye ua. Mama yake hakuwahi kuiosha. Aliibeba mabegani, jua au mvua.

Siku moja alienda kuchota maji, akaiacha kwenye benchi. Mimi nikaichukua.

"Kukhu," akasema Pauline, kwa maana wasichana wa benchi letu waliniita nyanya, "si hiyo ni ya mama Kiplimo?"

"Nyamaza. Hii imetoka kwa gunia la mitumba."

"Ati gunia? Kukhu, hebu angalia kwanza."

"Mimi nilifumua sweta kabla mama yako hajaota meno. Funga mdomo, ujifunze."

Kusema kweli, shaka niliiona. Lakini ningeachaje, wasichana wakiniangalia? Nikavuta. Uzi ukatoka mbio.

Chepkemei aliporudi nilikuwa nimebakisha mkono mmoja. Aliweka mtungi chini polepole. Akaokota uzi miguuni pangu, akaupeleka puani.

"Huyu Mbukusu amefanya makusudi," mmoja akanong'ona.

Nilingoja anipige. Afadhali angenipiga.

"Usiuoshe," akasema tu.

Neno pole lilinikwama. Sijalizoea. Nikasema, "Nipe ukubwa wake. Nitairudisha."

Nikachukua kamba. "Mabega yake?"

Alinyoosha mikono mbele, akaitenganisha, hivi. Nikapima, nikafunga fundo, nikamaliza. Mikono yake ikabaki pale hewani, kama ameshika mtu. Pauline ndiye aliyeishusha, mmoja, halafu mwingine.

Tuligawana kazi: Pauline mgongo, mwenzetu Edinah shingo, mimi kifua na mkono. Uzi usiooshwa una mikunjo, unakataa sindano, kwa hiyo sweta ilitoka na makunyanzi kama uso wangu. Na uzi haukutosha. Ulikuwa umelika, ukakatika vipande nilipouvuta. Ule mkono wangu uliishia kwenye kiwiko.

"Niongeze uzi mwingine," nikamwambia. "Kuna rangi inafanana."

"Huo hakuuvaa. Acha."

"Sasa akirudi atavaa sweta ya mkono mmoja na nusu?"

"Akirudi atauliza mkono wake ulienda wapi. Nitamwambia, kamuulize mama Wakoli."

Akacheka kidogo. Mimi ndiye mama Wakoli. Ni mara moja tu nilimsikia akicheka.

Mlima ulipotulia alirudi kwao, mimi nikaja kwa mwanangu Wakoli hapa Bungoma. Mwaka wa 2009 kifua kilimuua Chepkemei. Nilipanda Cheptais kumzika. Nguo zake zilipogawiwa jamaa, dada yake akanikabidhi ile sweta. "Alisema ni ya kwako kuitunza," akasema. Niliikunja nikaiweka kifuani.

Wakwe zangu huniambia niumalizie mkono, uzi uko tele sokoni. Wananisumbua bure. Nimeitundika karibu na mlango, mahali mtu akiingia ataiona kwanza. Kiplimo hajarudi. Ile pole niliyomnyima mama yake nimemwekea yeye. Aje tu aniulize.